Bonde Lako, Mawe Yangu

Hospitali ya Omagh
16 Julai 1951

Jirani yangu Una,

Kaka yako Felim atakuwa amekwisha kukuhadithia, na ninavyomjua, katika hadithi yake mimi nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Ngoma yetu ya maandamano unaijua, kubwa kama gurudumu la mkokoteni, na anayeibeba kifuani huona mawingu na kofia ya aliye mbele yake, basi. Aliye mbele alikata kona, mimi nikaenda moja kwa moja mtaroni. Mguu umevunjika mahali pawili. Ngoma ilikata mikanda ikabingirika yenyewe mteremkoni kuelekea kanisa lenu la Kikatoliki, na nilivyokuwa nimelala pale matopeni, hilo liliniuma kuliko mguu.

Sasa nina shida. Desturi yetu ni ya siku moja tu. Sisi Waprotestanti tukiandamana tarehe kumi na mbili Julai kukumbuka ushindi wa mfalme wetu, wewe unanikamulia ng'ombe. Nanyi mkisherehekea Bikira Maria mwezi wa Agosti, mimi nakukamulia wako. Hakuna aliyetuandikia mkataba na miaka ishirini na miwili haujavunjika. Lakini daktari anasema nitalala hapa wiki kadhaa, kisha mpwa wangu Norman anataka kunipeleka kwake Belfast mpaka nitembee. Naomba uendelee kuwakamua, Una. Maziwa yote ni yako. Malkia Mary anapenda kukunwa nyuma ya sikio la kushoto. Malkia Anne hupiga teke akisikia mtu anakohoa. Usiwaimbie rozari, watazoea.

Mimi jirani yako wa bondeni,
Ezekiel Crozier


Altnagore, mlimani
20 Julai 1951

Ezekiel,

Nimekwisha kucheka, kwa hiyo sasa naweza kukupa pole ya kweli. Pole sana.

Felim hakusema ulikuwa umelewa. Alisema ulikuwa unatazama huku juu kwangu, ukakosa njia. Nikamwambia anyamaze ale viazi vyake.

Ngoma yenu ilifika salama. Ilipita getini, ikasimama mbele ya mlango wa kanisa letu, na yule mfalme wenu aliyechorwa ubavuni akawa anatazama ndani. Padri Quigley alitoka na kikombe cha chai mkononi, akaizunguka mara mbili, akasema kwamba amehubiri miaka thelathini na huyu ndiye Mprotestanti wa kwanza kuja mwenyewe kutubu. Felim na wenzake waliibeba hadi ukumbini kwenu. Hobson wa chama chenu cha maandamano aliipokea bila asante, akaikagua kote kuona kama tumeimwagia maji ya baraka. Alikuwa na haki ya kushuku, maana Padri alikuwa ameshainyunyizia.

Hobson huyohuyo alinikuta zizini kwako Jumatatu. Akaniambia si vizuri mwanamke wa Kikatoliki kuingia na kutoka katika shamba la Crozier, watu wana macho. Nikampa ndoo na kigoda, nikamwambia karibu basi, kamua wewe. Alipoinama akakohoa. Malkia Anne alimaliza mazungumzo.

Nawasha moto jikoni kwako kila asubuhi, kuta zisishike unyevu. Usinishukuru, mboji yenyewe tunayochoma badala ya kuni ni yako.

Una McCrossan


Belfast
9 Agosti 1951

Una,

Nyumba ya Norman ina vyumba saba, na hakuna hata kimoja chenye kazi ya kufanya. Norman ni kijana mwema, ni karani wa benki, anaogopa ng'ombe. Anataka niuze shamba kwa mtu wetu, yaani Mprotestanti mwenzetu, halafu nikae hapa dirishani nitazame barabara. Mkewe hukata mkate mwembamba hata nikiushika nauona mkono wangu upande wa pili.

Jumatano ni sikukuu yenu na sitakuwepo kukukamulia. Jambo hilo limeninyima raha kuliko mguu, nikajiuliza kwa nini, na sasa najua. Mwaka mzima mimi huingoja siku hiyo. Si kwa ajili ya ng'ombe wako ambao, nisamehe, ni wabaya. Ni kwa sababu siku hiyo nina haki ya kuingia uani kwako, na jioni ukirudi kutoka kwenye sherehe unanipa chai na mkate wa viazi, tunakaa. Siku moja kwa mwaka. Mtu wa miaka sitini na sita amebakiwa na siku ngapi za namna hiyo?

Mimi si msemaji, lakini mguu huu umenitoa haya. Olewa nami, Una. Wewe ubaki Mkatoliki wako, mimi nibaki Mpresibiteri wangu, na nyumba ya bondeni iwe yako pamoja na mashamba yote hadi mtoni. Nimekupenda tangu nywele zangu zikiwa nyekundu. Basi, nimeandika. Norman ndiye anayeipeleka barua hii posta na hajui amebeba nini.

Ezekiel


Altnagore
17 Agosti 1951

Ezekiel,

Kwanza, ng'ombe wangu si wabaya.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaketi, halafu nikalia, halafu nikacheka, mpaka mbwa akaona heri atoke nje. Sisemi kwamba sikutaki. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo, na Jumamosi ni siku yangu ya kuungama.

Lakini siwezi kuingia katika nyumba ile kama mke, na sababu si dini, ingawa kila mtu atasema ni dini. Sababu ni ardhi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenu walikuja kutoka Uskoti miaka zaidi ya mia tatu iliyopita na karatasi ya mfalme, na mwenyeji hakupona, alihamishwa huku juu kwenye mawe. Mliletwa bondeni kwa kuwa mlikuwa Waprotestanti, sisi tukaondolewa kwa kuwa hatukuwa, na tangu siku hiyo kila anayetaja jina la Mungu katika wilaya hii, jicho lake moja liko kwenye shamba la mwenzake. Wewe hukufanya hayo na mimi sikufanyiwa. Tulizaliwa tukayakuta yamekaa mezani.

Sasa fikiria nikiolewa nawe nikahamia huko. Watu wenu watasema McCrossan wamerudisha kwa pete walichopoteza kwa upanga. Watu wetu watasema maneno hayohayo, ila wao watapiga makofi. Hakuna hata mmoja atakayesema kwamba Una alimpenda Ezekiel. Hilo siliwezi. Nimeishi bila mume na ninaweza kuendelea, lakini siwezi kutazamwa kama mwizi wa shamba kila nikienda kununua sukari.

Malkia Mary hajambo. Ponya mguu.

Una


Altnagore
30 Agosti 1951

Ezekiel,

Malkia Anne ameacha kupiga teke. Nadhani anaumwa au ana mawazo. Mvua imenyesha. Nyasi zako zimekatwa, Felim alisaidia. Uzio wa barabarani uko sawa, naukagua mara kwa mara.

Ni hayo tu.

Una


Altnagore, kwa fundi seremala (nyumbani dada angeniona)
14 Septemba 1951

Mzee Ezekiel,

Mimi si mtu wa barua. Hii ni ya kwanza tangu ile niliyowaandikia serikali kuhusu leseni ya mbwa.

Mwezi mzima hujaandika. Dada yangu kila asubuhi anateremka barabarani kumvizia mtu wa posta, akiulizwa anasema anakagua uzio. Uzio ule umekaguliwa mpaka umeona haya. Ameunguza mkate mara mbili, yeye ambaye hajaunguza mkate tangu vita vya Kaiza. Nilimuuliza, akasema ni jiko. Mapenzi ni kikohozi, mzee, hayafichiki, hata huku mlimani kwenye upepo.

Najua ulichomwandikia kwa sababu barua yako ameiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria, akidhani mwanamume hawezi kupangusa vumbi pale. Na najua alichokujibu kwa sababu aliniambia mwenyewe, jikoni, akiwa amenipa mgongo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hatakuandikia. Baba yetu kila jioni akishakula alikuwa anasimama kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, anatazama chini kwako, anataja mashamba yako moja baada ya jingine kwa majina ya Kiairishi, yale ya kabla yenu. Shamba la Nyuki. Shamba la Mjane. Shamba la Farasi Mweupe. Alifundishwa na baba yake, naye na wake, hivyo hivyo mpaka kwa yule aliyefukuzwa. Mimi nilikuwa natoroka kwenda kucheza mpira. Una ndiye aliyesimama naye ukutani mpaka mzee akafa. Halafu wewe unamwandikia mwanamke huyo, kwa roho safi kabisa, kwamba bonde lote nakupa. Umempa kitu kimoja tu duniani ambacho hawezi kukigusa bila kumlilia baba yake na kugombana na nusu ya wilaya.

Lakini soma jibu lake tena, polepole. Nyumba amekataa. Mashamba amekataa. Mtu hajamkataa.

Kama umekufa nijulishe, niwauze hawa malkia.

Felim McCrossan,
ambaye hatakuita shemeji mpaka umjibu dada yake


Belfast
27 Septemba 1951

Una mpenzi,

Sikufa, wala sikununa. Nilikuwa natafuta jibu, na mimi huwaza kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini. Nisamehe kwa wiki hizi zote za kukagua uzio.

Nimesikia majuzi kuhusu baba yako na majina ya mashamba, usiniulize kutoka kwa nani. Miaka yote nilimwona mzee yule amesimama pale ukutani jioni, nikidhani anatazama kama mvua inakuja. Nilikuwa nampungia mkono. Naye, Mungu amrehemu, alikuwa ananipungia.

Basi na mimi nikupe ya kwetu, tulingane. Bibi yangu alikuwa akifunga mlango kwa makomeo matatu kila jioni, hata kiangazi jua likiwa bado liko juu. Nilimuuliza anamwogopa nani. Akasema, "Watateremka." Kina nani? "Wa mlimani." Maana mwaka 1641 wenu waliinuka wakateremka kweli, wakawatoa wetu nje kwenye baridi kali bila viatu, wengine hawakufika popote, na hadithi hiyo sisi tulinyweshwa pamoja na uji. Sasa wakati bibi ananiambia hayo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtu pekee aliyekuwa akiteremka kutoka mlimani ni wewe, una miaka minane, unatuletea mayai. Bibi anapokea mayai, anakwambia asante mwanangu, wasalimie kwenu. Ukigeuka tu, komeo la kwanza, la pili, la tatu. Jana nilikumbuka hilo nikacheka peke yangu mpaka mke wa Norman akaja kunishika paji la uso kuona kama nina homa.

Wazee wako walitazama chini kila jioni wakitamani kurudi. Wangu walitazama juu wakiogopa kwamba mtarudi. Wote walimwomba Mungu mmoja awasaidie, kila mtu kwa kitabu chake. Nami nikaona kwamba kinachotamaniwa na kinachoogopwa vyote viko bondeni. Huko kwako hakuna cha kutamaniwa wala cha kuogopwa, kwa sababu hakuna kitu, ni mawe.

Kwa hiyo shamba nimempa Norman. Jana tulikwenda kwa wakili nikatia sahihi, nyumba na mashamba yote hadi mtoni. Yeye ni Crozier na ni Mprotestanti, hakuna wa kununa. Hobson naye nimemwandikia kwamba natoka chamani kabla hawajanitoa, maana kwa kanuni zetu anayeoa Mkatoliki hana kiti. Nimemwambia ngoma wampe mwenye shingo ndefu.

Nimebaki na nguo zangu, Biblia yangu, mguu mmoja na nusu, na malkia wawili. Ardhi sina hata ya kusimika koleo. Mwenye shamba sasa ni wewe, mimi ni fukara anayebisha hodi. Jumapili nitakusindikiza mpaka geti la kanisa lenu, kisha nitaendelea na safari mpaka kanisani kwetu, na atakayewahi kurudi atapika viazi. Una, niruhusu nipande kwako. Ukisema hapana nitakaa hapa na mkate wangu mwembamba na sitakusumbua tena. Lakini nitakuwa nimesema nilichotaka, na ninachotaka ni wewe.

Ezekiel


Altnagore
3 Oktoba 1951

Ezekiel, mjinga wangu,

Miaka mia tatu na arobaini tumelililia bonde lile. Hatimaye likaletwa mpaka kiganjani mwangu, mimi mwenyewe nikalikataa kwa kalamu, nawe ukaenda ukampa karani anayeogopa ng'ombe. Jana nilikwenda kaburini kumweleza baba. Nilianza kwa kuomba msamaha, nikajikuta nacheka, nikashindwa kuacha. Mke wa mchimba makaburi alinipita akafanya ishara ya msalaba.

Yale makomeo nayakumbuka. Nilikuwa nayasikia nyuma yangu nikishuka ngazi na kikapu kitupu. Nilidhani ndivyo milango ya matajiri inavyosema kwaheri, na nikifika nyumbani nilikuwa namwigizia Felim, ko, ko, ko. Hatukujua kwamba sisi ndio tunaoogopwa. Ningejua, ningetembea kwa maringo zaidi.

Felim ana habari yake. Norman amemwandikia kumwomba akodi mashamba ya bondeni kwa miezi kumi na mmoja, alishe ng'ombe wetu huko, maana kwa desturi yetu kukodisha si kuuza, na kwa hilo hata Hobson hana la kusema. Leo asubuhi nilimwona Felim katika Shamba la Nyuki. Hakuwa anafanya kazi yoyote. Alikuwa anatembea tu, mikono nyuma, kama askofu.

Nilikwenda kwa Padri Quigley. Ruhusa ya kuoana na Mprotestanti itapatikana, lakini lazima wewe na mimi tuape kwa maandishi kwamba watoto wote tutakaojaliwa watabatizwa na kulelewa Wakatoliki. Nilimkumbusha kwamba nina miaka sitini na mmoja. Akasema karatasi ya askofu haina nafasi ya kuandika umri. Kwa hiyo nimeapa. Akaniuliza kama nadhani mwenzangu atakubali sharti hilo, nikamwambia nitambembeleza, akawa mwekundu mpaka masikioni. Ukija utatia sahihi chini ya yangu. Tafadhali usicheke mbele yake. Mimi nilicheka akanipa rozari tatu.

Kisha, kwa kuwa wewe si wetu, ndoa itafungwa saa kumi na mbili asubuhi, kwenye altare ya pembeni, bila maua na bila kinanda, ili watu wasione. Hilo pia nimelikubali. Kuolewa gizani si neno, nikiolewa nawe.

Lakini kuhamia hutahamia gizani. Padri ana masharti yake na mimi nina langu moja. Njoo siku ya soko, mchana, maduka yakiwa wazi. Waswage hao malkia wako kwa barabara kuu. Upite mbele ya ukumbi wa Hobson, upite mbele ya kanisa letu, taratibu, maana mguu wenyewe hautakuruhusu vinginevyo. Ukiitwa, itika. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema unakwenda kwako. Mimi nitakuwa nimesimama kwenye ukuta nyuma ya nyumba, mahali ambapo bonde zima linaonekana nami naonekana na bonde zima. Nataka kila aliye hai katika wilaya hii aone kwamba kuna mtu anahamia kwenye mawe, na safari hii hakuna mfalme aliyeandika karatasi wala askari aliyemfuata nyuma. Anapanda mwenyewe, kwa sababu nimemwita.

Una wako